Kukiri Usilolitenda

Si kila Mkristo ataona sababu ya kuandika habari za tamthilia ya televisheni katika kitabu cha imani. Tamthilia tunayotaka kuisimulia ina damu, ulevi na matusi, na hatungependa watoto wetu waione. Lakini sisi tunaokutana kila Ijumaa jioni mjini Manchester, Uingereza, kusali kwa Kiswahili, tulijifunza kwayo jambo kuhusu kukiri dhambi. Jambo hilo lilitufaa siku mwenzetu mmoja alipotakiwa akiri kosa ambalo hakulitenda. Kwa sababu hiyo tunaliandika, huenda likamfaa na mwingine.

Sisi si wengi. Tuko wauguzi, madereva, wanafunzi na watunzaji wa wazee. Wengi tumetoka Tanzania na Kenya, na familia mbili zimetoka Kongo. Baada ya sala hula pamoja. Majira ya baridi, giza huingia saa kumi jioni na hakuna anayetamani kutoka nje, basi hukaa tukazungumza au kutazama kitu. Mzee wetu mmoja, aliyefika hapa zamani kuliko sisi sote, alinunua katika duka la mitumba la hisani seti ya tamthilia iitwayo Cracker. Alituambia imepigwa katika mitaa hii hii tunayopita kwenda kazini.

Cracker ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya ITV mwaka 1993. Mwandishi aliyeibuni, Jimmy McGovern, ni mtu wa Liverpool aliyelelewa katika Ukatoliki, na jambo hilo linaonekana wazi. Mhusika mkuu ni Dakta Edward Fitzgerald, ambaye wote humwita Fitz, mwanasaikolojia anayeitwa na polisi wa Manchester kuwasaidia kuwahoji watuhumiwa. Aliyeigiza ni Robbie Coltrane, aliyefariki mwaka 2022, na kwa kazi hiyo alipata tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora miaka mitatu mfululizo. Fitz ni mnene, mlevi, mvutaji sigara, na mcheza kamari anayemaliza fedha za nyumba yake. Alizaliwa Mkatoliki lakini imani ameiacha. Hata hivyo maneno ya imani hayajamwacha yeye. Dhambi, hatia, kitubio: ndiyo lugha anayoingia nayo katika chumba cha mahojiano.

Na katika chumba hicho ana kipawa. Anamtazama mtu, anasikiliza pumzi yake, anamweleza mambo ambayo hakuwahi kumwambia yeyote. Wenzake hutafuta alama za vidole. Yeye hutafuta jeraha la moyo. Mtu aliyekaa kimya siku mbili mwishowe analia na kusema yote. Tulipotazama usiku wa kwanza, mmoja wetu alisema, "Huyu angekuwa padri mzuri." Mwingine akamjibu, "Padri akishamsikiliza mtu anamwachilia aende zake. Huyu anamkabidhi kwa askari."

Jibu hilo tulilirudia mara nyingi. Ni kweli kwamba chumba cha polisi na mahali pa kitubio vinafanana kwa sura: watu wawili, mlango uliofungwa, neno zito linalotakiwa kutoka. Lakini neno lile lile kwa mmoja ni mwisho wa kesi, na kwa mwingine ni mwanzo wa msamaha. Tofauti iko katika anachokitaka yule anayesikiliza.

McGovern aliijua tofauti hiyo, na hakumfanya Fitz kuwa shujaa asiyekosea. Katika hadithi ya kwanza kabisa, mtu anaokotwa kando ya reli akiwa na damu mwilini na hakumbuki hata jina lake. Msichana ameuawa ndani ya treni, na polisi hawana shaka kwamba muuaji ni huyo. Ushahidi unamwelekea, kumbukumbu hana, basi afanye nini ila kukubali? Mwishowe inajulikana kuwa ni mtawa, na hana hatia.

Hadithi iliyotugusa zaidi ni ile inayofunga mfululizo wa kwanza, One Day a Lemming Will Fly. Mvulana wa shule amekutwa amekufa msituni. Mwalimu wake, Cassidy, anashukiwa, na watu wa mtaani wamekwisha kumhukumu kwa makelele. Fitz anamkalia karibu, anampa urafiki, anamlainisha, hata yule mwalimu anakiri. Polisi wanafurahi. Kisha Cassidy anamweleza Fitz ukweli: hakumuua. Alikuwa na hatia ya namna nyingine moyoni, akachoka, na Fitz alikuwa akimtaka aseme neno moja tu. Fitz anakwenda kwa mkuu wa wapelelezi kuomba kesi isitishwe, na mkuu anakataa. Mtu amekiri, yamekwisha.

Usiku huo hatukuimba kabla ya kuagana. Kijana mmoja aliuliza, "Lakini mtu mwenye akili timamu anawezaje kukiri jambo ambalo hakulifanya?"

Mzee alimjibu kwa habari ambazo si za kubuni. Rochdale, mji ulio jirani kabisa na Manchester, aliishi karani wa ofisi ya kodi aitwaye Stefan Kiszko. Mwaka 1975 alihojiwa kuhusu mauaji ya mtoto wa miaka 11, bila wakili, siku baada ya siku, naye akakiri. Alikuwa mtu mpole, anayeishi na mama yake, na aliamini kwamba akisema wanachotaka wataacha kumwuliza naye atarudi nyumbani. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha maisha. Mama yake hakuacha kumtetea. Aliachiliwa mwaka 1992, baada ya miaka 16, ilipothibitika kwa vipimo vya kitaalamu kwamba hangeweza kuwa yeye. Alikufa mwaka uliofuata. Mhalifu wa kweli alitiwa hatiani mwaka 2007.

Hakuwa peke yake. Watu wanne wa kesi ya Guildford walifungwa mwaka 1975 kwa maneno waliyoyakiri mbele ya polisi, wakaachiliwa mwaka 1989. Katika kuichunguza upya kesi hiyo alihusika mwanasaikolojia wa kweli, Gísli Guðjónsson, ambaye naye ni mgeni hapa: ni mtu wa Iceland. Kabla ya kuwa mwanasaikolojia alikuwa mpelelezi kwao Reykjavik, na huko alimhoji mtu aliyekiri kuiba pochi ya mwanamke. Baadaye ikajulikana kwamba pochi haikuibwa kamwe. Mtu yule hakuwa na kumbukumbu nzuri, akaona lazima ni yeye kwa kuwa wakubwa wamesema ni yeye. Guðjónsson alitumia maisha yake ya kazi kuchunguza jinsi mtu anavyoweza kusukumwa mpaka akubali. Sheria ya Uingereza nayo imebadilika. Tangu sheria ya mwaka 1984 mtuhumiwa ana haki ya wakili, na mahojiano ya polisi hurekodiwa.

Tulikuwa hatujafika katikati ya seti ile wakati dada yetu mmoja alipokuja Ijumaa akiwa hawezi kula.

Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kulea wazee, kwa viza ya kazi ambayo mdhamini wake ni mwajiri huyo huyo. Bibi mmoja mkaazi alisema pauni 80 zimepotea katika droo yake. Dada alikuwa zamu usiku ule. Bibi alipolalamika akilia, dada alimshika mkono, akamwambia neno ambalo sisi sote tungelisema: pole. Lakini alilisema kwa Kiingereza, na Kiingereza hakina neno la pole peke yake. Neno linalotumika ni lile lile mtu analotumia kuomba msamaha kwa kosa lake. Mfanyakazi mwingine alilisikia, akaliandika. Na meneja alipomwita na kumwuliza, dada aliinamisha macho, kama alivyofunzwa kwao Morogoro kufanya mbele ya mkubwa. Nalo likaandikwa.

Hapo tukaikumbuka filamu ya mwaka 1996, ambamo Fitz anakwenda Hong Kong, ilipokuwa bado chini ya Waingereza, na huko nako anawasaidia polisi. Tulipoitazama tulijiuliza: mtu ambaye kazi yake ni kusoma macho na sauti afanyeje mahali ambapo macho na sauti vina maana nyingine? Hatukujua kwamba mmoja wetu yuko karibu kusomwa vibaya namna hiyo hiyo.

Baada ya maswali dada aliambiwa hivi: akikubali, atarudisha fedha, atapewa barua ya onyo, na kazi itaendelea. Asipokubali, kutakuwa na kikao rasmi, na huenda akafukuzwa. Kila aliye na viza ya namna ile anajua maana yake. Udhamini ukifutwa, mtu hupewa kwa kawaida siku 60 kutafuta mdhamini mwingine au aondoke nchini. Dada ana watoto watatu wanaosoma kwa mshahara ule.

"Baba," alimwambia mzee, "nikikubali tu, yataisha. Mungu anajua sikuchukua."

Hatukuwa na nia moja, na hatutaki kuficha hilo. Wapo waliosema, kwa upendo, kwamba pauni 80 tungezichanga usiku ule ule, na kwamba mama anayewalisha watoto hana nafasi ya kushindana na mwajiri. Wengine walisema kazi ya uongo ni kurudi. Barua ya onyo ingekaa katika faili, na siku kingine kikipotea angekuwa wa kwanza kuulizwa. Hoja zote mbili zilikuwa na akili. Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, tunakatazwa kumshuhudia jirani uongo. Sijaona mahali tunaporuhusiwa kujishuhudia uongo sisi wenyewe. Wewe nawe ni kiumbe cha Mungu."

Akatukumbusha kwamba Bwana wetu mwenyewe alihojiwa. Aliwekwa mbele ya liwali mgeni, katika mahojiano ambayo matokeo yake yalitakiwa kabla ya maswali kuanza. Alijibu machache na mengine akanyamaza, lakini hakusema uongo juu yake ili aachiliwe. Na huyo huyo, alipoketi kisimani na mwanamke wa Samaria, alijua mambo yote ya maisha yake, hata yale ya aibu. Angeweza kumvunja. Badala yake mwanamke aliacha mtungi wake akakimbilia mjini kuwaita watu waje wamwone aliyemjua hivyo. Hapa ndipo tulipoona Fitz anapokomea. Anajua yaliyo ndani ya mtu, lakini hawezi kumpa kitu baada ya kuyajua. Mke wake mwenyewe anaondoka nyumbani. Yesu anajua zaidi, na mtu hutoka kwake akiwa mzima.

Dada aliamua mwenyewe. Hakusaini. Tulimsaidia kuandika barua ya ukurasa mmoja kueleza neno "pole" na maana ya kuinamisha macho kwetu. Sheria hapa humruhusu mfanyakazi kuingia katika kikao cha nidhamu na mwenzake wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi, basi aliingia na mwanamke wa chama. Sisi wanne tulisubiri ndani ya gari, mvua ikinyesha, tukasali kwa zamu. Hatukuomba ashinde. Tuliomba atoke akiwa na jina lake.

Baada ya wiki sita alipokea barua: hakukuwa na ushahidi wa kutosha. Hapakuwa na neno la kuombwa radhi. Fedha hazikuonekana, na mpaka leo hatujui zilikwenda wapi. Wapo pale kazini waliendelea kufunga droo alipopita. Baadaye alipata mdhamini mwingine akahama. Tulipomwuliza alivyostahimili zile wiki sita, alisema, "Nililala. Kama ningesaini, nisingelala."

Ndugu msomaji, huenda hutaiona Cracker, wala hutafika Manchester. Lakini kukiri kunadaiwa kila mahali. Mzazi humdai mtoto, mwalimu humdai mwanafunzi, baraza la wazee humdai muumini, mume humdai mke. Mara nyingi tunayemdai ni dhaifu kuliko sisi, na tumekwisha kuamua jibu. Mtoto akisema "ndiyo, ni mimi" ili fimbo ikome, tunatoka tukidhani ukweli umeshinda, kumbe tumemfundisha kwamba uongo ndio unaoleta amani.

Imani yetu imeweka kukiri mahali pa juu sana, na ndiyo maana haifai kulichezea. Mungu huuliza maswali ambayo majibu yake anayajua. Alimwuliza Adamu alipo ilhali anamwona. Hakuwa anatafuta habari. Alikuwa anamtafuta Adamu. Basi kabla ya kumwambia mtu "kiri," na tujiulize kama tunamtaka yeye, au tunataka tu neno litoke ili shauri liishe. Na wewe unayeulizwa, likiwa ni kosa lako, lisema, kwa maana msamaha upo. Lisipokuwa lako, usilichukue, hata kwa bei nafuu.