Kituo cha Kompyuta na Amana ya Jirani

Wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Kauli hiyo yafaa kukumbukwa kila linapotajwa suala la teknolojia mashambani. Mwaka 2009, nyaya za intaneti zilipofika Mombasa kupitia baharini, Bodi ya TEHAMA ya Kenya ilianzisha mpango wa vituo vya Pasha ili huduma za kompyuta ziwafikie wanavijiji. Mwaka 2022 serikali mpya iliahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Kaunti ya Bungoma ina wadi 45. Hizo ni hesabu za majengo na mitambo. Hazitaji mahusiano ya watu watakaoitumia.

Mahusiano hayo yalikuwapo kabla ya mitambo. Shirika la One Acre Fund lilipoanza kazi Bungoma mwaka 2006, liliwakopesha wakulima mbegu na mbolea kwa vikundi, kila mmoja akimdhamini mwenzake. Aidha, M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, ilikuta vyama vya akina mama vikichangiana karo na gharama za mazishi. Simu ilirahisisha tu jambo lililokwisha kuzoeleka.

Hata hivyo, kituo cha kompyuta huyatia mahusiano hayo katika mtihani mgumu zaidi. Mkulima mzee wa Chwele hukabiliwa na fomu ya Kiingereza ilhali yeye huwaza kwa Lubukusu. Kijana wa kituo humsomea, humfasiria na kumjazia. Papo hapo mzee huwa amemkabidhi nambari ya kitambulisho, nambari ya siri, na pengine habari za shamba la ukoo. Kijana akiwa mwana wa jirani, haya humzuia kuivunja amana hiyo. Lakini ujirani nao si kinga kamili: habari za deni hufika sokoni upesi zaidi zikipita kinywani mwa anayekufahamu.

Hivyo basi, kituo bora si kile chenye kompyuta nyingi, bali kile ambacho mzee anaweza kuielewa fomu yake kabla ya kuitia sahihi. Fomu hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili chepesi, mzee atamhitaji kijana kwa msaada, wala si kwa kukosa budi. Kazi ya kuiandika hivyo ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, nayo haingoji nyaya mpya.