Utepe wa Misale na Majina Kumi na Manne



Ninyi mnaotumikia altareni mnazifahamu tepe za rangi zinazoning'inia katika Misale. Sakristani huziweka mapema, mmoja kwenye sala za siku, mwingine kwenye Utangulizi, mwingine kwenye Sala ya Ekaristi, ili padre asipekue kurasa huku waamini wakimsubiri. Utepe haumsifu mtu wala hauuzi kitu. Husema tu kwamba kuna mtu atakayerudi hapa. Tunaanza na utepe kwa sababu juma hili tumekusudia kuwasimulia kosa letu wenyewe, nalo lilihusu tepe za namna nyingine.

Mwaka 2003 Mmarekani Joshua Schachter alianzisha tovuti iliyoitwa del.icio.us. Kabla ya hapo, mtu aliyependezwa na ukurasa wa intaneti aliuwekea alamisho katika kompyuta yake, ikabaki humo peke yake kama utepe ndani ya kitabu kilichofungwa. Tovuti ile iliwezesha alamisho zitunzwe mtandaoni, kila moja ikiwa na neno au mawili ya kuitambulisha, na zionekane na watu wote. Aliyetaka kujua habari za kilimo cha mpunga aliandika neno hilo, akaona kurasa ambazo watu asiowajua wameona zinastahili kurudiwa. Mwaka 2004 ikaja Digg, na mwaka 2005 Reddit, ambako wasomaji walivipigia kura viungo, na vyenye kura nyingi vilipanda juu. Huku Afrika kulikuwa na Muti ya Afrika Kusini, iliyokusanya makala za bara letu kwa mtindo huo huo. Waandishi wa kwanza wa blogu za Kiswahili, akina Ndesanjo Macha na Jikomboe yake ya mwaka 2004, walikuwa na njia rahisi zaidi: waliorodhesha kurasa za wenzao pembeni mwa zao, na msomaji aliyeingia kwa mlango mmoja akatokea kwa kumi.

Lakini penye macho mengi hapakosi mchuuzi. Mitambo ya kutafutia habari, Google ikiwa mbele, ilikuwa ikihesabu kiungo kama aina ya kura, hivyo watu wakaanza kualamisha kurasa zao wenyewe, mara mia, kwa majina mia. Mwaka 2005 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana juu ya alama maalumu ambayo mwenye tovuti anaweza kukipachika kiungo ili kisihesabiwe kura, na tovuti nyingi za alamisho zikaipokea. Biashara ile haikukoma. Wapo hadi leo wanaouza orodha za "tovuti mia za kuitangaza kazi yako".

Orodha ya namna hiyo ndiyo iliyotufikia Mwakitolyo.

Mwaka jana, wakati wa Kwaresima, sisi pamoja na muuguzi mmoja wa hapa tuliandaa ukurasa mfupi kwa Kiswahili na Kisukuma juu ya zebaki. Wenyeji hawahitaji maelezo. Mawe yakitoka duarani hupelekwa karashani yakasagwa, kisha mwaloni unga wake huoshwa, na zebaki hukamata chenga za dhahabu. Mwisho donge lile huchomwa motoni ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Wengi huchoma nyumbani, kwenye jiko lile lile la ugali, mtoto akiwa mgongoni. Mvuke huo huingia mapafuni, hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia aliye tumboni. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, ila mkataba haufiki jikoni kwa miguu yake. Tulieleza namna ya kutumia kifaa cha chuma kilichofungwa, kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, na tuliwasihi wasiokuwa nacho angalau wachomee nje, mbali na watoto.

Ukurasa ulipata wasomaji kumi na mmoja kwa siku, nasi tulikuwa miongoni mwao.

Kijana mmoja wa VIWAWA, aliyekuwa amerudi kutoka chuoni, akatujia na orodha yake aliyoinunua. Tuliikagua pamoja. Del.icio.us ilikuwamo, ingawa tangu mwaka 2017 haipokei alamisho mpya. StumbleUpon ilikuwamo, ingawa ilifungwa mwaka 2018. Hilo pekee lingetosha kututia shaka. Kijana akasema, "Baba Paroko, zilizo hai zinatosha. Tufungue akaunti kumi na nne, kila moja na jina lake, tuupandishe ukurasa. Watu wanaumia, tukae kimya?"

Swali lake lilikuwa jema, na ndilo lililotulainisha. Jumamosi moja tulikaa ofisini naye na wenzake wawili, tukagawana majina. Sisi tulijiita mama wa watoto watatu, mkazi wa Kahama. Tukaandika kwamba ukurasa huu ulikuwa umeiokoa familia yetu. Tuliandika haraka, tena vizuri, kwa maana seminarini tulifundishwa kuandika.

Juma lile wasomaji walizidi mia nne kwa siku. Tulizitangaza hesabu hizo katika kikao cha Halmashauri ya Walei, tukapigiwa makofi. Muuguzi hakupiga. Aliuliza, "Padre, wangapi ni wa hapa?" Tulirudi kutazama vizuri. Wengi mno walitoka nchi ambazo Kiswahili hakisomwi, na walikaa sekunde nne. Wa mkoa wetu walikuwa wale wale kumi na mmoja.

Baada ya majuma matatu tovuti iliyokuwa ikituletea wengi zaidi iligundua kwamba majina yote kumi na manne yanatoka kwenye mashine moja. Ikayafuta, na ikaizuia anwani ya parokia isiwekwe tena na mtu yeyote. Hatuna lawama kwao. Uchungu ulitupata mwezi uliofuata, Sista mmoja muuguzi wa upande wa Geita alipotuandikia. Alikuwa ameusoma ukurasa kwa jina lake na kwa hiari yake, akataka kuuweka kwenye alamisho anazoshirikishana na wahudumu wa afya wa maeneo ya machimbo. Tovuti ilimkatalia. Alidhani amekosea kuandika anwani, akatuomba tumtumie iliyo sahihi.

Msomaji mmoja wa kweli alikuja na utepe wake, naye akakuta tumeufunga mlango.

Tulimjibu tukamweleza yote, pamoja na yule mama wa Kahama. Kikao kilichofuata tuliwaeleza walei pia, na safari hii makofi hayakuwapo. Tuliiandikia tovuti tukiyataja majina yote na kuomba anwani ifunguliwe, si kwa ajili yetu bali kwa ajili ya wengine. Jibu halijaja. Kijana wetu ameanza upya kwa jina lake halisi katika tovuti nyingine, na amejitambulisha kwamba ni wa parokia hii. Huhifadhi zaidi kurasa za watu wengine alizozisoma na kuziona zinafaa. Ya kwetu ni moja kati yake.

Kuna jambo hatukulipanga. Mama lishe mmoja wa mwaloni, ambaye mwanawe alimsomea ukurasa kwenye simu, aliiandika anwani kwa chaki kwenye ubao wake, chini ya bei ya wali maharage. Wanaapolo wakingoja sahani huifungua, na wenye bando dogo huuhifadhi ukurasa ili waumalizie baadaye. Juma la kwanza walikuwa thelathini na saba, simu zote za hapa hapa, na wengi walikaa dakika sita. Mmoja alituma swali: kifaa kile kinagharimu kiasi gani, na fundi wa kuchomelea vyuma wa hapa anaweza kukitengeneza? Muuguzi amekwenda kumwona fundi. Tutawaletea jibu juma lijalo.