Jiliwa na Mashine Yake

Msomaji, yamkini umepata kuliona jiliwa katika karakana ya shule, au katika kibanda cha fundi wa jua kali. Limefungwa pembeni mwa meza. Lina mataya mawili na parafujo moja. Fundi huzungusha mpini, mataya hukaribiana, na chuma kilicho kati yao hakina njia ya kuponyoka. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kushika. Kwa sababu hiyo watu wengi hawalifikirii. Wapatapo mashine husifu mwendo wake na ukali wa kikatio chake. Jiliwa hununuliwa mwisho, kwa kanuni isiyopimwa, kwamba lililo kubwa ndilo bora.

Nataka tuipime kanuni hiyo juu ya mashine ndogo ya kuchonga metali inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita kwa herufi tatu, CNC. Katika mashine hiyo kikatio huzunguka kwa kasi, na meza iliyobeba kazi husogea chini yake kwa kufuata hesabu alizoandika fundi. Mtu anayepiga tupa huusikia mkononi mtikiso wa kipande kilicholegea, naye huacha mara moja. Kompyuta haina mkono wa kusikia. Kipande kikihama nusu milimita, mashine huendelea kukata mahali kilipokuwa. Kikiponyoka kabisa, chaweza kuvunja kikatio na kurushwa usoni mwa mtu. Basi usalama wa kazi, na wa macho ya mfanyaji, umewekwa amana katika mataya mawili.

Je, si heri basi kuchukua jiliwa kubwa kabisa? Tuulize kipimo. Mashine iitwayo PCNC 440, iliyoundwa na kampuni ya Tormach ya Marekani, ina meza inayokwenda milimita 254 kulia na kushoto, na milimita 159 tu mbele na nyuma. Jiliwa la inchi 6, yaani lenye mataya ya upana wa milimita 150 hivi, ni la kawaida katika viwanda. Aghalabu urefu wake hufika milimita 400, na uzito wake huzidi kilo 30. Liweke juu ya meza hiyo fupi, nalo litatokeza mbele kama kitanda kilichozidi chumba. Fungua mataya yake milimita 200, na kikatio hakitaweza kupita nafasi yote hiyo. Upana uliosalia umeulipia fedha, wala hutautumia. Zaidi ya hayo, kila meza inapogeuka, mota hulazimika kuusukuma na kuusimamisha uzito huo wote.

Kimo nacho kina hesabu yake. Tuseme nafasi kati ya kichwa cha mashine na meza ni milimita 260. Sakafu ya jiliwa iko milimita 70 juu ya meza. Kipande kina kimo cha milimita 50. Keekee na kishikio chake hutokeza milimita 150. Jumla ni 270. Keekee haina hata pa kuingilia! Kwa mashine ndogo, jiliwa la mataya ya milimita 75 au 100 mara nyingi ndilo linalofaa.

Walakini udogo peke yake si sifa. Katika jiliwa la kawaida taya linalosogea huinuka kidogo linapokazwa, nalo huinua kipande. Kwa tupa si hoja. Kwa kazi inayopimwa kwa sehemu za mia za milimita ni uharibifu. Kampuni ya Kurt, ya Marekani vilevile, ilijulikana kwa jiliwa ambalo ndani yake mna uso ulioinama: parafujo inapovuta, taya husukumwa mbele na kuvutwa chini kwa pamoja. Liko pia jiliwa dogo lisilo na parafujo ndefu. Bolti yake hukaa mshazari chini ya taya, nayo huvuta mbele na chini. Halitokezi nje ya meza, ingawa kulibadilisha nafasi huchukua muda zaidi.

Basi mwenye kuchagua na aanze na mashine, si na duka. Apime mwendo wa meza, apime kipande kikubwa atakachokichonga, ajumlishe vimo, aangalie kwamba bolti za jiliwa zaingia katika mifereji ya meza. Akisha kulifunga, apitishe kipimo chenye sindano juu ya taya lisilosogea huku meza ikienda, hata sindano itulie. Taya likiwa limepinda, kila kitu kitakachochongwa humo kitapinda, hata kama hesabu za kompyuta ni safi.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Wengine huidhani methali hiyo ni faraja ya mnyonge. Mimi naiona ni elimu: kuujua urefu wa mkono wako kabla ya kuunyosha. Nguvu isiyofika mahali pa kazi ni mzigo tu, na mashine ndogo iliyopewa jiliwa la kadiri yake hufanya kazi yake yote.