Mafinga: Kwenye baridi ya misindano, Soseono kawasha moto

Msomaji wangu mpenzi, kama hujawahi kuteremka Mafinga mwezi wa saba, usiku, ukiwa na shati la mikono mifupi kama mimi, basi baridi wewe unaisikia tu kwa watu. Pale stendi meno yaligongana mpaka kondakta akaniuliza, "Kaka, unasali?"

Lakini nisianzie mwisho. Tuliondoka Dar alfajiri. Mikumi tukaonyeshana tembo, Ruaha Mbuyuni tukagombania vitunguu madirishani, Kitonga gari likapanda linahema na abiria wote kimya kama wako kanisani. Ipogolo wakashuka wa Iringa mjini. Kutoka hapo ni kama kilomita 80 hivi mpaka Mafinga, na ukishapita Ifunda unaanza kuona mambo yanabadilika: misindano na milingoti, misindano na milingoti, mpaka macho yanachoka. Ndiyo maeneo ya msitu wa Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini. Mafinga yote inanukia mbao. Malori ya mbao, wapasua mbao, mafundi wa mashine zile wanazoziita dingdong, mama ntilie wanaowapikia hao wapasua mbao. Hata mazungumzo ya mapenzi huku yanahesabiwa kwa futi.

Sasa safari nzima, juu ya kichwa cha dereva, runinga ilikuwa inaonyesha tamthilia ya Kikorea. Ilikuwa ile ya Empress Ki, iliyoonyeshwa kwao Korea Kusini kati ya mwaka 2013 na 2014, sehemu 51. Kwa asiyeijua, ni habari ya binti wa Goryeo, yaani Korea ya zamani, anayepelekwa kwenye kasri la Wamongolia enzi hizo wakitawala China. Anaingia kama mtumishi, anaishia kuwa malkia. Stelingi ni yeye mwenyewe, mwigizaji Ha Ji-won, na si stelingi malaika. Anadanganya, anapanga njama, anawaangusha maadui mmoja mmoja.

Na juu ya Kikorea chao kuna sauti ya mtafsiri wetu. Hii kazi unaijua, ndiyo iliyompa jina Lufufu kwenye mabanda ya video ya Bongo na DJ Afro kule Kenya. Mtafsiri wa namna hii haishii kutafsiri. Anashangilia, anatania, anatukana, na mwisho anatoa hukumu, wewe umelipa kiingilio cha picha ukapewa na hakimu juu.

Basi huyu wa kwenye gari letu, bibie alipomwacha mfalme wa kwao aliyempenda na kuingia chumbani kwa mfalme mkuu, akaguna: "Mnaona wenyewe? Mwanamke huyo!" Basi zima likalipuka. Jamaa mmoja wa siti ya nyuma akasema angekuwa yeye angemrudisha kwao na nauli asimpe. Mama mmoja mtu mzima akasonya, sijui alimsonya nani.

Baada ya muda, wakati tunapanda Kitonga, maadui wa yule yule bibie wakaanza kupelekwa kuuawa. Mtafsiri akasoma tu maneno. Hakuna aliyeguna. Watu wanatafuna mahindi. Nikajisemea kimoyomoyo, hii mizani yetu ina kasoro. Kwenye chumba kelele, kwenye damu kimya.

Nikasinzia. Sikujua kwamba Mafinga natafutwa na hiyo hiyo mizani.

Mwenyeji wangu alikuwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Tulikuwa hatujaonana miaka 9, na sababu nitaisema. Safari hii nilikwenda kwa ajili ya mahari ya binti yake, mpwa wangu, ambaye ana saluni jirani na stendi. Asubuhi nikaona nikaote moto huko huko, maana ndani kuna jiko la mkaa, drier mbili na akina mama kama saba. Nikaingia na salamu ya "Kamwene" kwa sauti, wakaitikia wote, nikapewa kigoda na chai ya rangi.

Kwenye runinga, Jumong. Hii ni kongwe, ya mwaka 2006 hadi 2007, sehemu 81, lakini saluni ile wanayo kwenye flashi na wanairudia kama watu wanavyorudia kwaya. Dada yangu alikuwa kakaa pembeni kajifunga kitenge juu ya koti, anamenya viazi mviringo, jicho moja kwenye kisu, jingine kwa Jumong.

Nikupe kisa kwa ufupi. Jumong ndiye mwanzilishi wa ufalme wa Goguryeo. Mwanamke aliyempenda ni Soseono, binti wa tajiri wa misafara ya biashara, mwenyewe mfanyabiashara asiyechezewa. Ikaja habari kwamba Jumong kafa vitani. Huku mwana wa mfalme, Daeso, anamtaka Soseono kwa nguvu awe mke mdogo, na akikataa, biashara ya baba yake na watu wao wote wanapotea. Soseono akafanya hesabu zake. Akaolewa na Wutae, msaidizi mwaminifu wa baba yake. Mara Jumong huyo, yu hai! Kumbe alikuwa kaokolewa na binti wa kabila jingine, Yesoya. Basi naye baadaye akamwoa huyo huyo Yesoya.

Pale mlangoni walikuwa vijana wawili wa mbao wanachaji simu. Ilipofika harusi ya Wutae, mmoja akafyatuka:

"Hapo ndipo ninapomchukia huyu mwanamke. Kwa nini hakusubiri?"

"Asubiri maiti, mwanangu?" akamjibu mama mmoja kichwa kikiwa ndani ya drier.

"Aliuona mwili? Mwanamke wa kweli anasubiri."

"Na Jumong je, alisubiri?" akauliza mpwa wangu, mkono haujaacha kusuka.

"Jumong ni mwanaume, tena ana nchi ya kujenga."

Hapo saluni ilichangamka, ndugu yangu, mpaka baridi ikasahaulika. Akina mama wakamkumbusha kijana kwamba Jumong huyo huyo, wakati wa kwenda kujenga hiyo nchi, alimwacha Yesoya mjamzito mikononi mwa maadui, na mama yake mzazi pia akabaki huko. Mbona hilo halimchukizi? Kijana akacheka, akasema stelingi anaruhusiwa. "Basi na Soseono ni stelingi," akasema mpwa wangu. Kijana akatikisa kichwa: "Stelingi wa kike lazima awe na moyo safi."

Nikataka kumsaidia kijana, maana wanaume tulikuwa wachache. Nikasema wazee wetu nao walikuwa na stelingi wa kike, nikamtaja Nargis kwenye Mother India ya mwaka 1957, ile iliyoliza majumba ya sinema mpaka machozi yakaisha. Mwishoni anampiga risasi mwanawe wa kumzaa, na sote tunasimama kwa heshima. Nikataja na Doudou, yule nesi wa Kichina aliyehangaika na mama wakwe wawili, tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC mwaka 2011. Ilipata jina mpaka Rais Xi Jinping wa China akaitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Tulimpenda Doudou wote, wake kwa waume.

Dada yangu, aliyekuwa kimya muda wote, akaweka kisu chini.

"Ndiyo, mdogo wangu. Huyo mmoja kaua mtoto kwa ajili ya heshima ya kijiji. Huyo mwingine kavumilia wakwe. Mwanamke akiua kwa ajili yenu mnampigia makofi. Akiolewa kwa ajili yake mwenyewe mnaitisha kikao."

Neno kikao lilinichoma kuliko mkaa ungenirukia. Nikainamia kikombe.

Sasa niiseme ile sababu. Miaka mingi nyuma shemeji yangu, mume wa dada, alikwenda Chunya kuchimba dhahabu. Mwaka wa kwanza alipiga simu. Wa pili simu haipatikani. Wa tatu, wa nne, kimya. Dada kabaki na watoto watatu na shamba la miti walilopanda pamoja, na ndugu wa mume wameanza kulikodolea macho. Akatokea mtu mmoja mwenye dingdong, mjane, mchapakazi. Dada akakaa naye. Miti ikapasuliwa, ada ikalipwa, nyumba ikaezekwa bati. Mwaka wa tano shemeji karudi. Ukoo ukaitisha kikao, mimi nikaitwa kutoka Dar kwa sababu najua kuandika. Nikawa katibu.

Muhtasari ule niliuandika kwa mkono wangu. Uliandikwa hivi: "Kikao kimebaini kuwa mke hakusubiri." Tulimtoza mbuzi na maneno mengi ambayo siwezi kuyaweka gazetini. Shemeji alikuwa karudi na mtoto wa miaka miwili mgongoni, kampata huko huko Chunya. Mtoto yule alipewa maziwa, akasifiwa afya. Kwenye muhtasari wangu hayumo.

Jioni ile ya saluni, nyumbani, tumeshakula ugali na maharage, mwenye dingdong kaenda kulala, nikajikaza. Nikamwambia dada, "Kile kikao tulikukosea." Nilitegemea atalia, au atanisamehe, kama kwenye tamthilia. Hakulia. Akachochea moto.

"Mlinikosea, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa na kosa, na hamkuniuliza."

"Lipi?"

"Miti. Kwenye mpaka wa lile shamba kulikuwa na misindano 36 ya mdogo wake mume wangu, yule aliyekuwa jeshini. Hakuwepo, hakuna aliyeiangalia. Nilipopasua ya kwangu nikapitisha msumeno na ya kwake. Ada ya mtoto wa kwanza ilitokana na miti ile. Nilijua siyo yangu, na ingekuwa leo sijui kama nisingeikata. Nilikwenda kwenye kikao nikiwa nimejiandaa kujibu la miti. Siku nzima mkaniuliza la kitanda."

Nikabaki mdomo wazi. Nikakumbuka kwamba yule shemeji mwanajeshi alikuwepo kikaoni. Alisimama mara moja akasema, "Na ile miti yangu?" Mwenyekiti akamwambia, "Kaa chini, hayo madogo, tumalize kwanza la aibu." Akakaa. Nilimwona. Sikuandika.

Hapo ndipo nilipoielewa ile runinga ya kwenye basi. Tunasema tunachukia mwanamke mwovu kwenye tamthilia, lakini uovu wake wala hatuutazami. Malkia Ki anapeleka watu kuuawa, swali zito la kujadili mpaka Makambako, sisi tumeng'ang'ania alilala wapi. Wanaume hatuwafanyii hivyo. Sisi watu wa Iringa tunamsimulia Mkwawa mpaka kesho. Baada ya baba yake Munyigumba kufariki, mwishoni mwa miaka ya 1870, alipigania kiti na Mwambambe, aliyekuwa kaoa dada yake. Damu ilimwagika hasa, na Mkwawa aliogopwa hata na watu wake mwenyewe. Tunayasema yote, vita kwa vita, kosa kwa kosa, halafu tunampa heshima yake. Anapimwa kwa matendo, ndiyo maana anabaki mtu mzima, ana uzuri na ubaya wake.

Soseono ukimpima hivyo hivyo utakuta mambo. Alitumia ndoa kama mtu anavyotumia mkataba wa biashara. Wutae alikufa akijua hivyo au hakujua? Je, ni haki kumwoa mtu aliyekupenda ili ujiokoe na mwingine? Haya ndiyo maswali. Wala hayajibiwi na "kwa nini hakusubiri".

Na ubaya wa mizani mbovu haumpati mwanamke peke yake. Dada alibeba kosa ambalo si lake, na lile la kwake likakaa moyoni bila kulipwa. Shemeji mwanajeshi akakosa miti yake miaka 9, akaambiwa ni mambo madogo.

Siku ya pili, kabla ya wenye mahari kufika, tulikwenda kwake dada na mimi. Ni mstaafu sasa, anauza ulanzi kidogo na kufuga nguruwe. Alitupokea kwa mashaka. Dada hakuzunguka: "Shemeji, nimekuja kwa ile miti." Mzee alikaa kimya muda mrefu, akaita mkewe alete viti. Hakusema amesamehe. Alisema misindano ya umri ule sasa ina bei gani, akaitaja, na bei ilikuwa ya kuumiza. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana mbao kutoka kwa yule mwenye dingdong, zitolewe kwa awamu 3, ya kwanza kabla ya mvua.

Wakaomba mtu wa kuandika. Nikatoa kalamu. Safari hii niliandika idadi ya miti, jina la mwenye miti na jina la aliyeikata, wote wakasaini. Kuhusu nani alilala wapi sikuandika neno hata moja.

Wakati wa kurudi, kule saluni walikuwa wamefika pale Yesoya anaporudi na mwanawe Yuri, na Soseono, ambaye Wutae alishafariki na sasa ni mke wa Jumong, anachukua wanawe wawili, Biryu na Onjo, anakwenda zake kusini. Yule kijana wa mbao alikuwepo tena mlangoni, simu imejaa chaji siku nyingi.

"Sasa hapa," akasema taratibu, "huyu mama alikosa au hakukosa?"

Wote wakaanza kusema kwa mpigo. Basi la Dar likapiga honi, nikakimbia.

Ukipita Mafinga, msomaji wangu, chukua koti. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tukutane hapa hapa.