Mbuzi wa Krismasi, kisu cha nani?

Kwetu Mwanza nyumba ya dini mbili si ajabu. Mimi Mkatoliki, baba watoto Mwislamu, na Serikali inatupa mapumziko ya pande zote: Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Idd zote mbili, Maulidi, Krismasi na Boxing Day. Watoto wanaona neema tupu. Idd wanadai nguo mpya, Krismasi wanadai nyingine, na mfuko ni ule ule.

Lakini sikukuu zenyewe hazijawahi kutugombanisha. Kinachotugombanisha ni sufuria.

Mwaka 2024 ulianza vizuri. Ijumaa Kuu iliangukia Machi 29, Ramadhani ikiwa imevuka nusu. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Magu, na siku hiyo Mkatoliki hali nyama. Mama mkwe naye alikuwa amefunga. Asubuhi nikashuka mwaloni Kirumba, nikanunua sato wawili wakubwa. Jua lilipozama mama mkwe akafuturu kwa tende na uji, kisha tukakaa wote mkeka mmoja, sato wa nazi katikati. Samaki hachinjwi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kumuuliza mwenzake.

Desemba mama akarudi, safari hii na mbuzi. Akamfunga kwenye mpapai. "Kesho kaka yako atamchinja," akaniambia. Mama mkwe alisikia, akanyamaza. Nikajua kwamba hatakula.

Mazoea ya miji yetu ni kwamba Mwislamu achinje ili wote wale. Wengi tunaliona jambo dogo. Mama halioni hivyo. "Marehemu baba yako alichinja uani kwake miaka yote, mkala mkakua. Leo nyama yetu imekuwa kibudu?"

Sikuwa na jibu, na sidhani alikosea kuuliza. Ila ni swali linalotisha huku kwetu. Februari 2013, Buseresere katika mkoa jirani wa Geita, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja uliishia kwa mchungaji kuuawa. Watu wazima tunakumbuka. Watoto hawajui, nao walikuwa wamekaa kizingitini wanasikiliza. Mkubwa, wa miaka tisa, akaniuliza, "Mama, sisi tuko upande gani?"

Nikamwambia ampelekee mbuzi maji.

Baba watoto akatoka, akasimama mbali kidogo, kama ilivyo heshima kwa mkwe. "Mama, mbuzi ni wako. Ukisema shemeji achinje, atachinja. Mama yangu nitamnunulia sato, wala hatanuna."

Mama hakumjibu. Alikaa na neno lile usiku kucha, akaenda misa ya asubuhi, akarudi, akavua viatu vya kanisani na kuomba kisu. Kaka yangu akanyoosha mkono. Mama akampita, akampa mume wangu.

"Nampa mimi," akasema kwa sauti, ili jikoni wasikie. "Sikulazimishwa na mtu. Na mwakani anachinja mwanangu."

Kimya kidogo. Kisha mama mkwe, bado anamenya vitunguu:

"Sawa, mkwe. Basi mwakani sato wangu wanunuliwe mapema. Krismasi bei inapanda."