Maji ya Choo Huenda Wapi?

Mwalimu,

Mimi bado ni mwalimu msaidizi katika shule ya msingi huku mashariki ya London. Muhula huu watoto wa miaka minane wanasomeshwa jinsi uhandisi ulivyobadili maisha ya binadamu. Nilitarajia treni na ndege. Mwalimu wa darasa kaanza na choo. Aliwapeleka msalani, akavuta maji, akauliza: yameenda wapi? Wakacheka hadi machozi, kisha wakanyamaza, kwani hakuna aliyekuwa na jibu zaidi ya "chini".

Hapo ndipo alipowapeleka kiangazi cha 1858. Vyoo vya kuvuta vilikuwa vimeenea mjini, uchafu wote ukaishia mto Thames, na wengi walikuwa wakinywa maji ya mto huohuo. Mto ukanuka hata mapazia ya Bunge, lililo ukingoni pake, yakaloweshwa kloridi ya chokaa ili waheshimiwa waweze kukaa ndani. Kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu miaka ya nyuma bila ya jambo kubwa kufanyika; uvundo ulipofika kwenye pua za wakubwa, sheria ilipita kwa siku 18. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mitaro mikuu ya matofali, kama kilomita 132, kuyakinga majitaka kabla hayajaingia mtoni na kuyapeleka mashariki, nje ya mji.

Baadhi ya mitaro hiyo ina umbo la yai, ncha chini. Watoto hawakuambiwa sababu. Walipewa mifereji miwili, mmoja bapa na mwingine mwembamba chini, mchanga, na kikombe cha maji kwa kila mfereji. Kwenye ule bapa maji yalitawanyika, mchanga ukabaki. Kwenye ule mwembamba yakajikusanya, yakaukokota mchanga wote. Walirudia mpaka sakafu ikawa ziwa, na kuipiga deki ikawa kazi yangu.

Siku ya somo la Crossness, kituo cha kusukuma majitaka, nami nilipata heshima. Huko, kuanzia 1865, mashine za mvuke ziliyapandisha majitaka hadi kwenye hodhi, yakangojea mto uanze kupwa ndipo yafunguliwe yaende na maji baharini. Watoto hawa wanaishi karibu na Thames na hawakujua kwamba mto unajaa na kupwa! Mtu wa Malindi nikasimama mbele ya darasa kueleza bamvua na maji mafu, mwalimu wao akiandika.

Lakini kilichonigusa zaidi ni somo la mwisho. Bazalgette na wakubwa wake waliamini kipindupindu huletwa na harufu mbaya. Daktari John Snow alikuwa ameonyesha tangu 1854, kwa pampu moja ya mtaa wa Broad Street, kuwa ugonjwa umo majini. Waliomsadiki walikuwa wachache. Kwa hiyo mitaro iliyookoa roho za watu ilijengwa kwa sababu isiyo sahihi. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi kikaua zaidi ya watu 5,000, wengi wao huku kwetu mashariki, ambako mitaro ilikuwa haijakamilika. Watoto wakagawanyika: je, mhandisi anastahili sifa? Kijana mmoja alimpa nusu, binti akamjibu kuwa wagonjwa hawakuhitaji sababu, walihitaji mtaro. Sisi, tulipokuwa shuleni, tulikariri nani kagundua nini na mwaka gani, tukafaulu mitihani. Kubishana na mgunduzi hatukuthubutu, na nadhani hapo tulipunjwa.

Sasa nina ombi. Najua huwapeleka wanafunzi wako kwenye magofu ya Gede. Mlango wa kasri na makaburi mvipite haraka, Mwalimu, niwie radhi. Wapeleke kwenye vyoo na visima. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe vyoo vya ndani karne nyingi kabla ya Bazalgette kuzaliwa. Wape wanafunzi kamba wapime hatua kati ya choo na kisima, kisha wakirudi wapime vya kwao nyumbani, na waulize gari la kunyonya majitaka likijaa huenda kumwaga wapi. Majibu yao nitumie kwa simu, hata kama yamechorwa tu. Watoto wa huku wameshaniuliza mara ngapi kama Malindi kuna mitaro, nami nimewaambia wasubiri wenyeji wajibu.