Ngozi Isiyoweza Kujiponya

Juzi mwalimu mwenzangu alipata motokari yenye viti vya ngozi, akaja kuniuliza namna ya kuvitunza. Nilimjibu kwamba naijua kazi hiyo barabara, lakini ujuzi wangu ulilipwa kwa fedha za mtu mmoja na kwa machozi ya mtu mwingine. Akataka nimweleze habari yenyewe. Basi, niliyomwambia yeye nawaambieni na ninyi.

Wakati wa kiangazi cha mwaka 2012 nilikuwa mwanafunzi wa seminari, nami nikaenda Bukavu kwa mjomba wangu kupumzika. Mjomba alikuwa na motokari kuukuu lakini nzuri, na viti vyake vilikuwa vya ngozi ya ng'ombe yenye rangi ya maziwa. Kila Jumamosi aliikodisha kwa maarusi. Fedha hizo ndizo zilizolipia masomo ya watoto wanne wa marehemu mama yangu mdogo.

Kijana mmoja wa jirani, ambaye hakupata kumaliza hata shule ya msingi, ndiye aliyeisafisha motokari hiyo. Nilimtazama akipitisha kitambaa chenye unyevu juu ya viti, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Moyoni nilimdharau. Mimi niliyesoma Kilatini nilijiona najua zaidi.

Ijumaa moja kijana alikuwa hajafika bado. Mjomba naye alikuwa safarini Uvira, akitazamiwa kurudi usiku. Nikajisemea: «Leo nitawaonyesha usafi ni nini.» Nikachukua ndoo ya maji, sabuni ya kufulia nguo na burashi ya kusugulia sakafu. Nikavisugua viti kwa nguvu zangu zote. Maji yakawa meusi, nami nikafurahi. Kisha nikaifungua milango yote ili jua la mchana liingie. Baada ya saa chache ngozi ilikakamaa kama ngozi ya ngoma. Hofu ikanishika. Nikakimbilia jikoni, nikachota mafuta ya mawese, nikavipaka viti hivyo hata vikang'aa. Kijana alipofika jioni alikuta milango imekwisha kufungwa kwa ufunguo, akaambiwa kwamba kazi yake imefanywa.

Wasomaji wapendwa, mwajua mawese yana rangi gani. Kesho yake bibi arusi aliposhuka mbele ya kanisa, mgongo wa gauni lake jeupe ulikuwa na doa kubwa la rangi ya chungwa. Shangazi yake akapiga ukelele. Wakamfunika kwa kitenge, akaingia kanisani akilia. Mjomba alirudisha fedha za kukodi, tena akalipa thamani ya gauni. Muhula ule watoto wawili walikaa nyumbani majuma sita kwa kukosa malipo ya shule.

Lakini hilo silo ninaloona haya kulisema. Mjomba aliporudi kutoka kanisani alimwita kijana, akamwuliza: «Umefanya nini?» Kijana akajibu kwamba hakuigusa motokari tangu Alhamisi. Mjomba hakumsadiki, maana nani mwingine aliyekuwa na kazi ile? Akamfukuza mbele ya watu. Nami nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni, nikanyamaza.

Nilinyamaza siku tatu. Siku ya nne nilimwona kijana yule sokoni akibeba mizigo ya watu, naye akaniamkia kwa heshima kama kawaida yake. Salamu ile ilinichoma kuliko tusi. Jioni nilimwendea mjomba, nikasema: «Mjomba, ni mimi.»

Alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akasema: «Mwipwa wangu, fedha nitazitafuta tena. Lakini jina la mtoto wa watu nimelichafua kwa mkono wangu na kwa ulimi wako. Vaa viatu, twende.» Tukaenda kwao usiku ule ule, mjomba akaomba msamaha mbele ya mama yake kijana, nami nikaomba baada yake. Mama alitupa viti, akatupikia chai. Kijana alisema neno moja tu: «Fratri, kesho njoo nikuonyeshe.»

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundishwa na mtu niliyemdharau. Yeye mwenyewe alifundishwa na fundi mzee wa viti, nami baadaye nimeyahakikisha maneno yake katika vitabu.

Kwanza alinieleza ngozi ni nini. Ngozi mbichi huoza. Ili isioze hutiwa dawa kiwandani: ama maji ya magome ya miti, kama walivyofanya wazee tangu kale, ama chumvi za kromu, njia iliyoenea baada ya Augustus Schultz wa New York kuiandikisha mwaka 1884. Kisha ngozi nyingi za motokari hupakwa rangi na utando mwembamba wa kuikinga. Nyingine huachwa bila utando huo. Ili kuzitambua, weka tone la maji mahali pasipoonekana: likikaa juu, utando upo, likinywewa na kuacha alama nyeusi, ngozi iko wazi, nayo yataka maji machache zaidi.

Tena ngozi iliyotengenezwa ina uchachu kidogo. Sabuni ya kufulia ina ukali wa magadi, nao hupigana na uchachu huo na kuudhoofisha utando. Burashi yangu ngumu ilimalizia uharibifu. Nayo mawese hayakuingia ndani, bali yalibaki juu, yakashika vumbi, na baada ya siku chache yakaanza kunuka. Petroli, pombe kali na dawa ya kung'arisha viatu havifai pia: viwili vya kwanza huondoa rangi, na cha tatu huhamia katika nguo.

Kazi yenyewe ni hii. Ondoa vumbi kwanza, hasa katika mishono, kwa burashi laini au mashine ya kufyonza. Maana mchanga ukisuguliwa hukata ngozi kama msasa. Chukua sabuni laini iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, uijaribu mahali palipofichika. Itie katika kitambaa, usiimwage juu ya kiti. Hasa kama kiti kina matundu madogo, maji yasiingie ndani. Pangusa taratibu, sehemu kwa sehemu. Pitisha kitambaa kingine chenye maji safi, halafu kikavu. Acha kiti kikauke kivulini, milango ikiwa wazi. Ngozi ikiwa wazi, yaani haina utando, ipake krimu ya ngozi kidogo sana kila baada ya miezi michache. Vumbi la kiangazi lipanguse kila juma. Wakati wa mvua usiifunge motokari ikiwa na unyevu, kwa sababu ukungu huota. Na siku zote tafuta kivuli, kwa kuwa jua hukausha ngozi na kufifiza rangi yake.

Fundi mzee alimwambia pia kwamba zamani, katika motokari nyingi za matajiri wa Ulaya, ngozi ilikuwa kwa kiti cha dereva, aliyenyeshewa mvua, na bwana alikaa nyuma juu ya kitambaa cha sufu. Kijana alipenda sana habari hiyo.

Viti vya mjomba tulivisafisha pamoja siku mbili. Mawese yalitoka, lakini katika kiti cha nyuma zilibaki nyufa tatu. Nikamwuliza kijana: «Hazitapona?» Akajibu: «Ngozi yako ikichubuka hupona yenyewe, kwa sababu ina damu. Hii imekufa, Fratri. Haina wa kuiponya ila mkono wa mtu.»

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mjomba alimlipa fundi azijaze nyufa zile na kuzipaka rangi. Ukitazama kwa mbali huzioni. Ukipitisha kidole utazisikia.

Leo kijana yule ana karakana yake mwenyewe, naye hutengeneza viti vya motokari za watu. Tukikutana hunishika mkono kwa furaha, wala hakumbushi jambo lile hata kidogo. Mimi ndiye ninayelikumbuka. Kwa hiyo nilipomfundisha mwalimu mwenzangu kazi ya kitambaa na sabuni laini, niliongeza agizo moja: ukiharibu, sema siku ile ile.